Upande wa Kivuli

Kaka yangu Amugune alipigilia mbao dirishani mwa Mama
mwezi wa pili, baada ya wezi kuingia kwa Kadenge.
"Asiyeona," alisema, misumari mitatu mdomoni,
"dirisha la nini?"

Tangu hapo Mama akaanza kupotea saa.
Usiku wa manane anakoka moto, anaita kuku.
Mchana amelala kitini, kikombe kimepoa mapajani.
Daktari wa Mbale akasema: uzee.
Majirani wakasema mengine, ambayo siyaandiki.

Kazi yangu Maseno ni kuosha vyombo vya maabara
na kumwagilia maharagwe yasiyoliwa.
Yamo ndani ya masanduku meusi, kila sanduku tundu moja.
Hili tundu lake lina kioo chekundu: mche umesimama wima
kama askari ambaye hajaambiwa neno.
Lile lina kioo cha buluu: mche umeinama
hadi kichwa kinagusa tundu.

"Lakini haragwe halina jicho," nikamwambia Shikanga,
mwenye masanduku.
Akafuta mikono kwenye koti, akanichorea nyuma ya bahasha.
Kwenye ncha ya mche, ukutani mwa chembe,
ipo protini iliyojikunja,
na ndani ya mikunjo imefumbata kitu cha manjano, kidogo mno,
binamu wa vitamini ile ya maziwa na kiini cha yai.
Nuru nyekundu hupiga hodi, haijibiwi.
Nuru ya buluu ikigusa,
kile cha manjano hushika mkono wa salfa ulio jirani.
Kushikana tu, kwa dakika chache;
giza likirudi huachana, kila mmoja kwake.
Ila katika kushikana huko mkunjo mmoja hufunguka,
kama kitenge kinavyoteleza kiunoni,
na habari imekwisha kutoka.

Habari gani?
Kwamba dawa ya kukua ihame,
iache upande wenye nuru, iende kivulini.
Huko kivulini chembe hurefuka, na zile za nuruni hubaki nyuma.
Ndiyo maana mche huinama.
Njiani nikarudia, nisije nikasahau:
nuru haivuti.
Kivuli ndicho kinachosukuma.

Kesho yake nikamuuliza: na mtu?
Akanitazama kwanza.
Mtu naye anayo yake, nyuma kabisa ya jicho,
si ndugu na ile ya maharagwe;
hiyo imefumbata vitamini ya karoti na viazi vya rangi.
Haikuonyeshi sura. Haijui uso wa mtoto wala maua ya leso.
Inajua neno moja: kumekucha.
Na kwa baadhi ya watu hubaki macho
hata macho yakifa.

Jumamosi nikapanda Maragoli na nyundo ya kuazima.
Amugune hakuwepo. Afadhali.
Msumari wa kwanza ulilia, wa pili ukakatika kichwa,
wa tatu nikauacha ulipo, mpaka leo upo.
Mama akaja akipapasa ukuta.
"Nani anabomoa nyumba yangu?"
"Mimi. Nafungua."
"Sioni tofauti yoyote."
"Najua, Mama."

Amugune ameweka nondo, akinung'unikia bei.
Mama sasa hulala saa tatu, lakini si kila siku;
juzi aliniamsha katikati ya usiku
kuuliza kama majogoo wamekuwa mabubu.
Sina bahasha ya kumchorea, na angeichanja moto.

Ila asubuhi, mawe ya mlimani yakiwa bado na umande,
nimemkuta kitini, bega moja limetangulia,
shingo imelalia dirisha kidogo, kidogo tu.
Hakuniita. Nami sikusema.
Nikasimama nyuma yake na chai,
upande wa kivuli.